Wageni wa Mtaa wa Kongo

Daftari la wageni la gesti aliyokuwa akiisimamia shangazi yangu, upande wa Jangwani kabla hujaingia Kariakoo penyewe, lilikuwa kaunta buku lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Jina. Kabila. Kazi. Atokako. Aendako. Namba ya pasi au kitambulisho. Saini. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nikimwandikia jioni, maana macho yake yalishaanza kuchoka, na humo ndimo nilimojifunza jiografia ambayo darasani sikuipata: Lubumbashi, Kolwezi, Ndola, Kitwe, Karonga, Uvira, Bujumbura, Moroni. Penye kazi karibu wote walijaza neno moja tu, biashara. Penye aendako wengi waliandika kule kule walikotoka, kwa sababu hawakuja kutembea. Walikuja kununua, wafunge mzigo, warudi.

Hao ndio wageni wa biashara wa kimataifa wa Dar es Salaam. Najua tukiyasikia maneno hayo picha inayotujia ni nyingine kabisa: mtu mwenye suti na begi la magurudumu, anashuka kwenye gari lenye vioo vyeusi mbele ya hoteli ya nyota tano. Hoteli za namna hiyo tunazo na zina historia yake. Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965 ikitazama bandari, na leo ina jina la Hyatt mbele ya la mlima. New Africa imesimama pale ilipokuwa Kaiserhof ya Wajerumani, na katika miaka ya sitini ilikuwa kijiwe cha wapigania uhuru wa kusini, waandishi wa habari na majasusi waliokuwa wakiwasikiliza wote wawili. Nimewahi kulala kwenye hoteli za daraja hilo kwa gharama za semina. Unapewa kadi badala ya ufunguo, unakuta chupa mbili za maji mezani, dirisha halifunguki, na hewa ni ile ya mashine. Mfanyabiashara aliyelala hoteli kama hiyo nchi nyingine atakuambia chumba chake kilikuwa hivyo hivyo, na ndicho anacholipia: asipate mshangao wowote. Ni huduma halali na wanaoifanya wanaifanya vizuri.

Ninachotaka kusema ni kwamba jiji letu linajua kumheshimu mgeni likiamua. Januari 27 na 28 mwaka 2025, marais na wakuu wa serikali walipokuja kwenye mkutano wa nishati wa Afrika, barabara kadhaa za katikati zilifungwa na watumishi wa umma wakaagizwa kufanyia kazi nyumbani ili wageni wapite. Nilifurahi kuona mji wangu ukipokea watu kwa adabu. Lakini siku hizo hizo, mwendo mfupi tu kutoka ukumbini, kulikuwa na mama kutoka Katanga aliyelala chumba kisicho na maji, kwenye ghorofa lenye ngazi moja, na hakuna aliyekuwa akimhesabu kuwa ni mgeni wa mtu yeyote.

Mama huyo namfahamu, au niseme nawafahamu wengi wanaofanana naye. Mmoja alikuwa akija kwa shangazi tangu sijaota ndevu. Njia yake anaijua kwa mgongo na kwa magoti: basi kutoka Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia yote mpaka Nakonde, Tunduma, kisha mteremko mrefu wa kuja pwani. Zamani alishukia Ubungo. Tangu 2021 anashukia stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka huko anakuja na Barabara ya Morogoro mpaka bonde la Jangwani, na kama ni masika na Mto Msimbazi umefura, barabara inafungwa. Anazungukia Mandela na Buguruni, anafika gesti saa tano usiku, miguu imevimba.

Akifika hasalimii kwa haraka. Anaketi kwenye benchi la mapokezi, anavua viatu, anauliza habari za kila mtu wa nyumba ile mmoja mmoja, kwa Kiswahili cha kwao ambacho vitu vinakuwa bintu na watu wanakuwa batu. "Mama, batu bote bako muzuri?" Shangazi anamjibu kwa Kiswahili cha Kizaramo bila kubadilisha chochote, na wanaelewana. Kisha anapanda kukagua chumba. Hatazami kitanda kwanza wala haulizi feni. Anashika kitasa, anafunga na kufungua mara mbili, halafu anatoa kwenye mkoba wake kufuli alilotoka nalo nyumbani na kulitia kwenye komeo. Mwenye gesti mwingine angeona anatukanwa. Shangazi alikuwa akimwambia, "Weka, mama. Ukiondoka utaondoka nalo." Alijua kwamba chini ya kitenge cha yule mwanamke, kiunoni, kuna dola zilizochangwa na watu wengi: zake, za dada yake, za jirani aliyemwagiza viatu vya jumla, pengine na mkopo. Zikipotea hakuna bima wala ubalozi utakaozirudisha.

Baada ya safari kadhaa aliacha kulitia kufuli lile. Akawa anamkabidhi shangazi sehemu ya fedha, imefungwa kwenye kitambaa, bila hati. Shangazi hakuwahi kuhesabu kilichomo na hakuwahi kukitaja mbele ya mtu. Amana ya namna hiyo kati ya watu wa nchi mbili wasio na udugu ni mtaji ambao Kariakoo imejengwa juu yake, na sijui benki yenye uwezo wa kuutengeneza.

Wala kupokea wageni hapa si jambo la jana. Baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hili liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, watu waliotolewa mbali na mizigo vichwani. Vita vilipoisha palipimwa viwanja vya Waafrika, ikajengwa nyumba ya Kiswahili tunayoijua: vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ujia katikati, uwani nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa viwili au vitatu, vingine akapangisha, na mgeni wa safari hakukosa mkeka. Wamanyema waliotoka mashariki ya Kongo walikuwa miongoni mwa wenyeji wa mwanzo wa mji huu. Mtaa wa Manyema upo mpaka leo, na Mtaa wa Kongo ndiko Wakongo wa sasa wanakonunua nguo, wakibanana bega kwa bega na mikokoteni.

Wakati huo Mwafrika hakuwa na nafasi ya kulala hoteli za Uzunguni. Mnazi Mmoja pale paliachwa wazi makusudi ili patutenge nao. Kwa hiyo wageni wetu wakubwa walilala kwetu. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, alipokewa Kariakoo, nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, kabla hajahamia Magomeni. Taifa hili lina deni kwa watu wa mitaa hii waliofungua milango kabla hawajajua mgeni atakuja kuwa nani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeuona ukweli wa methali hiyo kwa macho yangu, maana ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vyumba vile. Na haikuishia kwetu. Mama wa Lubumbashi akishanunua, mawinga, yaani madalali wa mtaani, wamepata chao dukani, mwenye guta amevuta mzigo, mama ntilie ameuza wali na samaki, na vijana wawili wanafunga robota. Hilo la kufunga ni la kutazama: wanapanda juu ya vitenge na magauni, wanakanyaga mpaka hewa yote itoke, wanavuta kamba kwa kuegemea nyuma uzito mzima, kisha mmoja anashona mdomo wa gunia kwa sindano ndefu na mwingine anaandika kwa makapeni herufi mbili za jina la mwenye mali na chini yake L'SHI. Mwanamke amesimama kando, daftari mkononi, hatoki mpaka fundo la mwisho.

Halafu robota linatoka mtaani, na hapo ndipo tulipomkosea kwa miaka. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Walilalamika juu ya kodi na stoo, lakini walichorudia kukisema ni kamatakamata: mteja akitoka dukani na mzigo anasimamishwa, anadaiwa risiti, anazungushwa, na wateja wa Kongo, Zambia na Malawi wanaanza kwenda kununua kwingine. Kodi ni haki ya nchi na risiti itolewe. Lakini ikatwe dukani, kwa muuzaji mwenye leseni na anwani. Mgeni asiyejua ofisi hata moja mjini si mtu wa kufukuzwa barabarani mbele ya watu. Mara ya kwanza nilipomkuta mama yule analia ilikuwa kwenye benchi la mapokezi, baada ya kushikiliwa mchana kutwa na watu ambao hawakumwambia kosa lake. Hakulilia pesa. Alilia kwa sababu walimwita mwizi, na umri wake ni wa mama zao.

Wafanyabiashara wetu wenyewe wanajua uchungu huo, maana nao ni wageni mahali pengine. Wanaojaza maduka ya Kariakoo wanakwenda Guangzhou, China, wengi wanafikia mtaa wa Xiaobei, kwenye hoteli ambazo utasikia Kiswahili kwenye lifti. Aprili 2020, katika hofu ya korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa kwenye hoteli na nyumba walizopanga, wengine wakalala nje na mabegi yao ingawa walikuwa wamelipia vyumba. Tuliziona picha, tukaghadhibika, na serikali za Afrika zikalalamika rasmi. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Mimi naamini inatudai jambo hapa nyumbani.

Inatudai kwanza tulinde uhai wa mgeni. Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16 mwaka 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafa. Waokoaji walikuwa wakizungumza na walionaswa chini ya vifusi na kuwapitishia maji na hewa. Tangu siku ile siwezi kuingia loji ya Kariakoo bila kutafuta kwa macho ngazi ya pili. Nyingi hazina. Nyumba ya vyumba sita imevunjwa, kwenye kiwanja kile kile kidogo limeinuka ghorofa refu, chini fremu za maduka, katikati stoo zilizosheheni nguo na plastiki mpaka darini, na juu kabisa vyumba vya kulala wageni. Moto ukianzia stoo, moshi unapanda kwa ngazi ile moja. Soko letu kuu liliungua Julai 2021, tukamshukuru Mungu kwamba lilikuwa soko, usiku, halina watu. Loji usiku ndiyo imejaa.

Wenye loji watasema mgeni wa Kariakoo anataka bei ndogo na ukimwekea ngazi ya pili bei itapanda, naye atahama. Nimewasikia na hesabu yao naielewa. Lakini mgeni huyu analala siku nyingi, anarudi kila baada ya miezi michache, analeta wenzake, na akikuamini hakuachi mpaka afe au ufe wewe. Shangazi alipofariki, simu ya kwanza ya rambirambi kutoka nje ya nchi ilitoka Katanga. Wageni wake walichanga, wakatuma na mtu, kwenye kitambaa kilichofungwa vilevile.

Sasa Kariakoo inafanya biashara saa 24; ilizinduliwa hivyo mwaka 2025 na mimi naunga mkono. Ina maana mteja atakuwa akirudi chumbani saa saba, saa nane za usiku, na pesa iliyobaki kiunoni. Taa zimewekwa barabara kubwa. Loji zimo vichochoroni, kuanzia nyuma ya Msimbazi mpaka huku kwetu Jangwani, na huko bado mtu anatembea akimulika kwa simu. Serikali za mitaa zinawajua wenye loji wote kwa majina, na daftari za wageni polisi wanazipitia kila mara kutafuta wahalifu. Wawaite wenye loji wiki hii, waulizane mambo matatu: taa ya kichochoro iko wapi, ngazi ya pili iko wapi, na mgeni akishikwa na mzigo wake wenye risiti halali, ni nani wa mtaa huu atakayekwenda kusimama naye.