Jumanne: Nanga Ndani ya Pazia

Soma Waebrania 2:1. 6:18–20 na Yohana 10:27–29. Mafungu haya yanaonya nini? Yanaahidi nini?

Wavuvi wa Pande, katika pwani ya Kilwa, wanajua kwamba chombo hakingoji dhoruba ili kipotee. Ngalawa isiyofungwa huelea maji ya bamvua yakijaa. Yakianza kupwa, huondoka nayo polepole, bila kelele. Onyo la Waebrania 2:1 ni hilo hilo: neno la Kiyunani lililotumika hapo lina maana ya kuchukuliwa na mkondo.

Mfikirie Dema. Katika Wakolosai 4:14 anatuma salamu pamoja na Luka. Katika 2 Timotheo 4:10 amekwisha kumwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu. Biblia haielezi mwisho wake, ila inaonyesha kwamba hakuna aliyemnyakua. Alikwenda mwenyewe.

Je, muumini aishi kwa hofu, akidhani kila kosa limemtoa mkononi mwa Kristo? La. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia, akarejeshwa. Nanga yetu imeshika ndani ya pazia, alikoingia Yesu, Kuhani wetu Mkuu, nayo haing'oki. Wajibu wetu ni kubaki tumefungwa kwake kwa imani, kila siku, katika sala na Neno.

Ni nani aliyeketi katika darasa lenu mwaka jana, na leo hayupo? Mlitambua lini kwamba ameondoka? Nani atakwenda kwake kabla ya Sabato ijayo?