Barua ya Juu Kabisa

Nina kopo la biskuti ambalo ndani yake zimo barua za marehemu kaka yangu. Ni thelathini na moja. Ya kwanza aliiandika mwaka 1974, ya mwisho mwaka 1991, na zote zilitoka Mwanza, ambako alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mimi nilikuwa kwetu Muheza. Kila barua ilipofika niliisoma, nikaiweka juu ya wenzake, nikafunika kopo. Sikuwa na nia yoyote katika kupanga hivyo. Mkono wa mtu huweka kipya juu, kama sahani zinavyorundikwa kabatini.

Barua ya mwisho ilikuwa na mistari sita. Hapakuwa na salamu wala kuulizia watoto. Aliandika kwamba nimeuza machungwa ya shamba la baba kwa misimu miwili bila kumpa habari wala fungu lake, na kwamba hakutegemea hilo kutoka kwangu. Sikumjibu. Baada ya miezi minne akafariki dunia.

Kwa miaka kumi, kila nilipofungua lile kopo, nilikutana na mistari ile sita. Niliisoma, nikafunika. Matokeo yake ni kwamba kaka yangu aligeuka kidogo kidogo moyoni mwangu akawa mtu wa hasira, mtu wa kuhesabu machungwa. Nikajiambia kwamba wagomvi ndivyo walivyo, nikapata usingizi.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia, nami naomba msomaji anivumilie nikilizungushazungusha. Mtu aliyeandika mambo mengi katika maisha yake, tumjue kwa lipi? Kwa lile la karibuni, au kwa yote? Maktaba niliyokuwa nikiitembelea ilikuwa na rafu ambayo vitabu vipya vya kila mwandishi viliwekwa mbele na vya zamani vilisukumwa nyuma. Basi aliyemwendea Euphrase Kezilahabi alipokewa na Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, akatoka akikuna kichwa, akisema huyu bwana ni mgumu, anaandika mafumbo matupu. Aliyepenyeza mkono hadi nyuma akaitoa Rosa Mistika ya mwaka 1971 alisema huyu ni msimuliaji anayekushika shati usiondoke. Wawili hao wangeweza kubishana mchana kutwa juu ya mtu mmoja, na kila mmoja angekuwa mkweli.

Tena mwaka ulioandikwa kwenye kitabu haukwambii kila kitu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968. Kwa hesabu ya rafu ile, miongoni mwa maneno yake ya karibuni kabisa ni yale aliyoyasema akiwa ameshazikwa.

Lakini sitaki kulidharau jambo jipya. Lina haki yake, na haki hiyo ni kubwa. Mwizi aliyetubu hapendi kukumbushwa kila asubuhi kuku aliyemwiba ujanani, na ni uonevu kumkumbusha. Leo Tolstoy, yule Mrusi aliyeandika Vita na Amani, alipofika uzeeni alichapisha kitabu kuhusu maana ya sanaa, mwaka 1898, na humo akazitia kazi zake mwenyewe katika fungu la sanaa mbaya, akazisalimisha hadithi fupi mbili tu. Dunia haikumfuata. Iliendelea kusoma riwaya alizozikataa. Je, tunamkosea adabu? Nakiri kwamba sijui la kumjibu mzee huyo, maana mimi nami nimezisoma kwa furaha.

Anayenipa mwanga zaidi ni Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipokuwa mzee, miaka michache tu kabla ya kufa kwake mwaka 430, alikaa chini akavipitia vitabu vyake kimoja kimoja, kuanzia vya ujanani, akasema hapa nilikosea, hapa nilisema sawa lakini vibaya, hapa nieleweke hivi. Vile vya kale hakuvichoma, wala hakuviacha visimame peke yake kama kwamba hakuna kilichotokea baadaye. Alivifuata kwa mpangilio wa kuandikwa kwake, ili anayesoma aone mtu anatembea.

Kwa hiyo naona kuna neno la mwisho la namna mbili. Kuna lile ambalo mtu analisema akiwa ameyatazama yote ya nyuma na kuyapima. Hilo lina mamlaka juu ya mengine. Na kuna lile ambalo ni la mwisho kwa sababu kifo, au ugonjwa, au uvivu, umemkuta hapo. Hilo halina cheo chochote zaidi ya kuwa halikufuatwa na jingine. Sisi wasomaji tunayachanganya mawili haya kwa urahisi mno, hasa linapotufaa kuyachanganya.

Mimi lilinifaa. Hili sikulijua hadi mwaka 2001, binti yangu alipoliangusha kopo akitafuta sindano, barua zikatapakaa sakafuni. Katika kuziokota na kuzipanga upya ilinibidi nitazame tarehe, na kutazama tarehe kukanivuta kusoma. Nilianzia ya mwaka 1974. Nilikuwa shuleni bado, naye alikuwa amenitumia ada kwa hawala ya posta, akaomba radhi kwamba imechelewa kwa siku tisa. Katika nyingine aliniandikia namna ya kumtunza mama aliyekuwa akiugua miguu. Mwaka 1983, sabuni na sukari zilipokuwa taabu nchi nzima, alinipa pole kwa mambo ambayo kwake yalikuwa mabaya zaidi. Barua thelathini, na sikupata hata moja iliyokuwa na neno kali.

Mtu angedhani kwamba hapo nilifarijika. La hasha. Mwanzoni, ni kweli, nilifikiri: tazama, kaka alikuwa mwema, mistari ile sita ni ajali, niiweke chini kabisa ya kopo na kuisahau. Kisha jambo likanigeukia. Kama angekuwa mtu wa hasira, malalamiko yake yangekuwa ni tabia yake tu, nami ningekuwa na haki ya kuyapuuza. Lakini mtu aliyeandika barua thelathini za upole, akafikia kuandika ya thelathini na moja bila salamu, huyo ameumizwa. Barua za chini hazikuifuta ile ya juu. Ndizo zilizoipa uzito wake. Na machungwa niliyauza kweli, misimu miwili, kama alivyosema.

Mwaka huohuo nilisafiri hadi Mwanza kwa shemeji yangu, nikiwa na fedha ambayo kwa hesabu zangu ililingana na fungu la marehemu, na nyongeza kidogo. Aliipokea bila maneno mengi. Hata sikuweza kujua kama alikuwa na habari za ugomvi ule. Jioni aliingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki. Kaka naye alizitunza barua zangu. Alikuwa amezitoboa pembeni na kuzifunga kwa kamba ya katani, ya kwanza ikiwa juu na ya karibuni chini, kama kurasa za kitabu.

Nilizihesabu pale pale mkekani. Zilikuwa tisa.