Haki ya Punda

Ndugu Waislamu, marehemu Bibi Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha makimbilio ya punda kwao mwaka 1969, alifungua zahanati ya wanyama hao Lamu mwaka 1987. Twaona haya: hadithi ya aliyemnywesha mbwa twaisoma sisi, kisha twatoka msikitini tukampita punda mwenye donda mgongoni. Wala si Lamu peke yake. Huko Kitui na Makueni punda ndiye achukuaye maji kutoka mtoni hadi nyumbani. Machinjio ya punda, ambao ngozi zao hupelekwa Uchina, yalipofunguliwa nchini mwaka 2016, wizi ulienea, na mama aliyeibiwa akabeba mitungi kwa mgongo wake. Umoja wa Afrika uliikataza biashara hiyo Februari 2024. Na punda wako je, amekunywa leo?