Hasara ya Mwizi ni ya Nani?

Mwezi huu twaleta swali ambalo kwa sura yake ni la biashara, lakini kwa undani wake ni la haki. Mwizi akinunua mali kwa fedha za wizi, na mwenye fedha akarudishiwa zilizo zake, ni nani apaswaye kubeba hasara: mwenye duka, au fundi aliyeitengeneza mali?

Swali hili tumeletewa na kijana tuliyemfundisha zamani, ambaye siku hizi hupiga picha na kuziuza kwa njia ya intaneti. Ziko tovuti zilizo kama ghala kubwa la picha: soko, mlima, mtoto anayesoma, mikono inayokanda unga. Mpiga picha huiweka picha yake humo. Mhariri au mtengeneza matangazo wa nchi yoyote huilipia leseni ya kuitumia. Mwenye ghala huchukua sehemu yake, na kinachobaki humfikia mpiga picha kama mrabaha. Kijana wetu alikatwa mrabaha aliokwisha kuandikiwa, akaambiwa kwamba mnunuzi alikuwa mlaghai.

Jambo hilo si geni. Kampuni ya iStockphoto ilianzia Calgary, Kanada, mwaka 2000, ikanunuliwa na Getty Images mwaka 2006. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 walaghai waliitumia kadi za benki za wizi wakajichukulia picha nyingi. Mwenye kadi akilalamika, benki humrudishia fedha zake na kumdai muuzaji, ndiyo desturi. Kampuni nayo ikawakata wapiga picha.

Wenye kampuni wana hoja, nasi si vema tuipite. Kama fedha hazikupatikana, hapakuwa na mauzo. Na pasipo mauzo, mrabaha watoka wapi? Tena, husema wengine, mpiga picha hakupoteza kitu, maana picha yake ingali ghalani, si kama mbuzi aliyeibwa zizini.

Hili la mbuzi hatulikubali hata kidogo. Picha iliyonakiliwa na mwizi haina kamba ya kuivuta irudi. Itagawiwa bure huku na huku, na yule ambaye angeilipia kesho hatailipia. Hoja ya kwanza ndiyo nzito. Lakini hebu tutazame ni nani aliyeketi mlangoni. Mpiga picha hamwoni mnunuzi, hajui jina lake, wala hawezi kumkatalia. Kuichunguza kadi, kumshuku mgeni anayebeba mamia ya picha kwa usiku mmoja, hiyo ni kazi ya mwenye ghala. Katika kampuni hiyo, tangu Januari 2011, mpiga picha asiyejifunga kwao peke yao alipata asilimia 15 hadi 20 tu ya bei. Zile 80 na zaidi zilikuwa za nini, ikiwa hata kulinda mlango hazitoshi?

Tungeandika haya kwa ujasiri zaidi kama tusingekuwa na deni letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika chuo cha ualimu tulichofundisha, duka la chuo liliuza vikapu vya wanafunzi kwa mapatano kwamba robo ya bei ibaki dukani. Mgeni mmoja alichukua vikapu kumi na viwili kwa hundi, benki ikaikataa. Mweka hazina tulikuwa sisi, na ni sisi tulioipokea hundi ile bila hata kumwuliza anakaa wapi, kwa kuwa alivaa tai. Kamati ilipokutana, tulipendekeza wenye vikapu wasilipwe, maana hakuna kilichouzwa. Hakuna aliyepinga, vikapu havikuwa vyao.

Siku chache baadaye msichana mmoja alibisha hodi ofisini. Akauliza kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu. Vikapu vyangu vimerudi?"

Tukamjibu kuwa havikurudi.

"Na fedha?"

Tukamweleza habari za hundi, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, Mwalimu," akatoka. Muhula uliofuata alileta vitabu vyake darasani kama kawaida, lakini dukani hakuleta kikapu tena.