Meka ya Unga na Amri ya Saba

Amri ya saba ya Mungu ni fupi: inakataza kuiba. Mkatekumeni hujifunza amri hii upesi, tena huiona nyepesi, kwa maana anajua moyoni mwake kwamba yeye si mwivi. Hajavunja nyumba ya mtu, wala hajachukua mbuzi wa jirani. Lakini wako watu wengi wanaoivunja amri hii bila kugusa kufuli la mtu ye yote, tena mchana kweupe, mbele ya yule wanayemwibia.

Katika mtaa wa Kasungami, pembezoni mwa mji wa Lubumbashi, unga wa muhindi huuzwa sokoni kwa meka. Unga huo ndio bukari ya jioni, ndiyo maisha ya nyumba. Meka ikiwa kamili, mnunuzi amepata haki yake. Lakini meka yaweza kubonyezwa chini, kitako chake kikapanda ndani. Kwa nje ni sawa na nyingine. Kwa ndani konzi moja ya unga imepotea. Vivyo hivyo gunia la makala laweza kutiwa vumbi na majani katikati, makala mazuri yakaonekana mdomoni tu.

Uchukuliwe mfano wa mama mjane mwenye watoto wanne, anayeuza unga. Wauzaji walio kando yake wamebonyeza meka zao, naye amebonyeza yake. Sasa anafuata mafundisho ya dini, akitumaini kubatizwa usiku wa Pasaka. Akiinyosha meka yake na kuiacha bei ile ile, faida yake inakwisha. Akipandisha bei, wanunuzi watakwenda kwa jirani. Watoto wanangoja chakula, na shule inangoja fedha. Je, anatenda dhambi? Na kama anatenda dhambi, afanye nini? Swali hili linaulizwa na wenye njaa, na jibu lisilojali njaa yao haliwezi kuwa jibu la Kristu.

Maandiko Matakatifu hayakuona haya kusema habari za soko. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, Mungu anawaamuru watu wake wawe na mizani ya haki na vipimo vya haki, na mara anawakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Maana yake ni wazi: aliyekombolewa utumwani asimdhulumu mwenzake. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanya biashara waliokuwa wakingoja siku takatifu ipite, ili wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Watu hao walishika sikukuu. Walisali. Lakini walipokuwa wakisali, mawazo yao yalikuwa sokoni, na Mungu aliyaona.

Wengine hujitetea kwa sababu tatu, na yafaa kila moja ipimwe.

Sababu ya kwanza husema: konzi moja ni kitu kidogo. Ni kweli, konzi moja ni kidogo. Lakini mwenye meka ya uongo haibi konzi moja. Anaiba konzi moja kwa kila mnunuzi, kila siku, mwaka mzima. Walimu wa Kanisa wamefundisha tangu zamani kwamba wizi mdogo mdogo, ukiunganishwa kwa nia moja, huweza kuwa dhambi kubwa. Mvua nayo hunyesha tone kwa tone, lakini mto hufurika.

Sababu ya pili husema: wote wanafanya hivyo. Lakini wingi wa watenda haubadili tendo. Kama wote wamebonyeza meka, basi wote wanaibiana, na yule anayemwibia mnunuzi wa unga asubuhi huibiwa yeye mwenyewe mchana anaponunua makala. Hapo hakuna aliyepata faida, ila kila mmoja amepoteza imani kwa mwenzake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito: umaskini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa kwa njaa, asiye na njia nyingine, akitwaa chakula cha kuokoa maisha yake, hajaiba. Kwa kuwa Mungu aliwapa watu wote mali ya dunia ili waishi. Kanisa lafundisha hivyo hata leo. Lakini fundisho hilo halimteteі mwenye meka ya uongo. Nani hununua unga kwa meka? Mwenye fedha hununua gunia zima. Anayenunua meka moja ni yule aliyepata fedha ya leo tu, na ya kesho hajui itatoka wapi. Basi meka iliyobonyezwa haimgusi tajiri hata kidogo. Inamchagua maskini, pengine mjane mwingine mwenye watoto wengi zaidi.

Basi mama yule afanye nini? Ainyoshe meka yake, na kama faida haitoshi, ataje bei ya haki kwa wazi. Bei iliyotajwa wazi humwachia mnunuzi uhuru wake: aweza kukubali au kukataa. Meka ya uongo humnyang'anya uhuru huo, kwa sababu anakubali kitu ambacho hakipewi. Ni kweli kwamba wanunuzi wengine watamwacha, na mwanzoni atapata hasara. Kanisa halimdanganyi kwa kumwahidi utajiri. Ila mzigo huo si wake peke yake. Yawapasa Wakristu wanaonunua wamwendee mwuzaji mwaminifu, hata kama bei yake imezidi kidogo. Na yawapasa Wakristu wanaouza wapatane kunyosha meka zao pamoja. Jumuiya inayomwacha mwaminifu afe njaa, kisha ikamsifu kwa uaminifu wake, imemtupa.

Kongo imeona mtu aliyelipa zaidi ya hasara ya soko. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa barabarani, na kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Akaletewa rushwa ili aruhusu mchele ulioharibika upite. Alikataa, kwa sababu mchele ule ungewadhuru watu ambao ungeuzwa kwao. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, mfia dini. Hakuna aliyemwambia amkane Kristu kwa maneno. Aliambiwa tu afumbe macho juu ya chakula cha maskini. Kanisa limetambua kwamba katika jambo hilo imani yenyewe ilikuwa imewekwa mezani.

Limebaki neno moja linalompasa mkatekumeni hasa. Ubatizo hufuta dhambi zote, ya asili na zile alizozitenda mtu mwenyewe. Lakini mali ya mwingine haigeuki kuwa mali ya mbatizwa kwa kumwagiwa maji. Dhambi imefutwa, deni limebaki. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anasikitika, bali aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Na kama waliopunjwa hawajulikani tena? Torati, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, iliamuru kwamba asipopatikana mtu wa kurudishiwa, malipo yapewe Bwana. Kanisa nalo hufundisha kwamba mali ya namna hiyo iwaendee maskini. Mama yule hawezi kulipa yote kwa siku moja, wala Mungu hamdai asichonacho. Lakini aweza kumpa konzi ya unga ajuza asiye na mtu, leo moja na kesho moja, si kama sadaka ya ukarimu wake, bali kama deni analolipa.

Yezu mwenyewe alitumia mfano wa kipimo. Katika Injili ya Luka, sura ya 6, anawaahidi wale wanaotoa kwamba watapewa kipimo kilichojaa, kilichoshindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika, na kwamba kipimo wanachopimia wengine ndicho watakachopimiwa wao. Kila mwuza unga huelewa maneno hayo. Mungu hana meka iliyobonyezwa: alimtoa Mwanawe wote, wala hakubakiza. Anayejitayarisha kumpokea huyo katika Ekaristi, naye aiangalie kwanza meka yake, aigeuze, atazame kitako chake. Na kama kimepanda ndani, achukue nyundo kabla ya Jumapili.