Wazee wa Baraza na Amani ya Jirani



Majuma machache yaliyopita niliitwa kufungua kwa sala mkutano wa wazee wa mabaraza ya kata na wa mabaraza ya ardhi ya vijiji. Nilidhani ningesali, nikanywa chai, kisha nikarudi kwenye meza yangu ya gazeti. Nikakaa siku zote mbili. Walikuwapo wakulima, walimu waliostaafu, mama mmoja mshonaji wa nguo, katekista mmoja, na mzee mmoja Mwislamu ambaye nakiri kwamba aliijua sheria kuliko wengi wetu ukumbini. Hakuna hata mmoja wao alipwaye mshahara kwa kazi hii. Posho ikipatikana hushukuru. Isipopatikana huketi vile vile, wakasikiliza magomvi ya watu tangu asubuhi mpaka jua kali, huku mashamba yao wenyewe yakiwangoja.

Siku ya kwanza, mwanasheria aliyewafundisha alipomaliza maelezo yake, mama yule mshonaji alisimama akauliza, "Mwalimu, basi sisi tumebaki na kazi gani?"

Swali lake lilikuwa na sababu. Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na sheria ya mwaka 2002 iliyapa uwezo wa kukata mashauri ya ardhi. Mwaka 2021 Bunge likauondoa uwezo huo. Tangu hapo, katika mambo ya ardhi, wazee wa kata hupatanisha tu. Wakishindwa huandika hati ya kwamba wameshindwa, na wenye shauri huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila hati hiyo. Wazee wengine ukumbini waliguna. Mmoja alisema kwamba baraza lisiloamua ni kama kengele isiyo na ulimi.

Nilirudi nyumbani na neno hilo la kengele, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana nadhani mzee yule alikosea, ingawa si kabisa.

Kwanza niseme neno juu ya wale wanaoukataa utumishi huu kwa sababu ya dini. Katekista aliniambia pembeni kwamba alipopendekezwa alitaka kukataa, kwa kuwa Bwana wetu Yesu Kristu alituagiza tusihukumu. Wakristu wengi wema husema hivyo, na hivyo huwaachia kiti wasio wema. Lakini Bwana alitukataza kujifanya wenye kuijua mioyo ya wenzetu, jambo lililo la Mungu peke yake. Kumsikiliza jirani anayesema ng'ombe wa mwenzake wamekula mahindi yake hakutukataza. Musa alipoelemewa na mashauri ya taifa zima tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yetro alimwonya kwamba atajichosha bure yeye na watu wake, akamshauri achague watu wamchao Mungu, wakweli, wenye kuchukia rushwa, wawe juu ya elfu, juu ya mia, juu ya hamsini na juu ya kumi. Yatupasa kuitazama hesabu hiyo. Aliyewekwa juu ya watu kumi ndiye mzee wetu wa kijijini. Naye Mtume Paulo aliwaaibisha Wakorinto kwa kuwauliza kama kweli hapakuwa kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu na ndugu.

Wala kazi hii si yetu peke yetu. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1361, enzi ya Mfalme Edward wa Tatu, iliagiza wawekwe watu katika kila kaunti wa kulinda amani na kuwazuia wakorofi. Mpaka leo raia wa kawaida huketi huko, kwa kawaida watatu watatu, bila mshahara, na mwanasheria huwa karibu nao kuwaeleza sheria. Wanawake walifunguliwa mlango huo kwa sheria ya mwaka 1919, na mwaka uliofuata waamuzi hao wakaunda chama chao, ambacho kingalipo. Jina lao la zamani lanipendeza: huitwa waamuzi wa amani. Sheria yetu nayo yataka watu watatu katika kupatanisha shauri la ardhi kwenye kata, na mmoja wao angalau awe mwanamke. Katika baraza la ardhi la kijiji wajumbe ni 7, na wanawake wasipungue 3.

Basi, amani hiyo hupatikanaje?

Wachaga wana mmea uitwao sale. Hupandwa mpakani mwa kihamba, hata mtu akiona masale yamesimama mstari ajua mwisho wa shamba lake. Na jani la mmea huo huo ndilo alichukualo mtu aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha. Akilitoa, ni vigumu sana kwa aliyekosewa kumkatalia. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Wazee wa kale walichukua alama ya mpaka wakaifanya alama ya upatanisho. Hawakusema kwamba apendaye amani na aung'oe mpaka. Mpaka wabaki mahali pake, na jani litoke mpakani.

Hapa ndipo ninapowaogopea wazee wetu, na ndipo mzee wa kengele alipokuwa na sehemu ya haki. Maana iko suluhu ya kweli, na iko suluhu ya kumfunga mnyonge mdomo. Mjane huitwa barazani. Shemeji zake wameketi upande mmoja, watu wa ukoo mmoja na mjumbe mmoja au wawili wa baraza. Huambiwa kwa sauti ya upole, "Mama, wewe ni Mkristu, legeza kidogo, tusivunje ukoo." Akilegeza, shamba limekwenda, na wote hupeana mikono na kumshukuru Mungu. Jina la tendo hilo ni wizi, hata likifunguliwa kwa sala. Mjane yule wa Injili aliyemsumbua kadhi dhalimu hakusifiwa kwa kulegeza. Bwana alimsifu kwa kutokuchoka kudai haki yake.

Nasema haya nikiwa mkosaji mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa upadre, ndugu wawili waliogombea shamba la marehemu baba yao waliletwa kwangu. Nilikuwa na haraka, kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Nikawahubiria juu ya Kaini na Abeli, wakalia, wakashikana mikono mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na mimi nikalala usingizi mtamu kwa kujiona mpatanishi. Baada ya miezi michache nikajua kwamba walikuwa na dada, na kwamba sehemu ya shamba lile baba yao alimwachia yeye mbele ya mashahidi. Hakuna aliyemwita. Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa nimewapatanisha ndugu wawili kwa mali ya mtu wa tatu.

Tangu hapo kisa cha Susana, katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, nakisoma kwa hofu. Wale waliomsingizia hawakuwa wahuni wa njiani. Walikuwa wazee wawili waliowekwa mwaka ule kuwa waamuzi wa watu. Mkutano mzima uliwaamini kwa sababu ya mvi zao na cheo chao, ukamhukumu mwanamke kufa. Kilichomwokoa ni Roho wa Mungu katika kijana Danieli. Lakini tazameni jinsi Danieli alivyofanya. Aliwatenga wale wazee mbali mbali, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani. Wakataja miti miwili tofauti. Ni jambo dogo, ambalo baraza lolote la kata laweza kulifanya kesho bila fedha yoyote: kuwasikiliza mashahidi mmoja mmoja, kwenda kuuona mpaka kwa macho, kuuliza ni nani mwingine ahusikaye ambaye hayupo hapa. Neema ya Mungu haikumwondolea Danieli taabu ya kuuliza.

Juu ya rushwa sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu ajua. Nitasema tu kwamba kwa mzee wa baraza rushwa haivai sura ya rushwa. Huja jioni kama jogoo aliyeletwa kumwamkia mgonjwa, au kama debe la mahindi la ujirani mwema. Mzee mmoja kati ya wale mkutanoni alituambia kwamba siku shauri linapokuwa barazani kwake, hata chumvi haazimi kwa wenye shauri. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Kanisa linaye msimamizi wa watu hawa, naye ni padre: Mtakatifu Ivo wa Bretagne, nchi ya Ufaransa, aliyefariki tarehe 19 Mei 1303, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Alikuwa mwamuzi katika baraza la askofu. Aliwatetea maskini bila malipo, na alijulikana kwa kuwapatanisha wagomvi kabla shauri halijafika mbali. Sheria alikuwa ameisoma kwa miaka mingi, akaitumia kwanza kwa kujua nani ana haki, kisha kwa kutafuta amani. Mimi katika lile shauri la ndugu wawili nilianza na la pili.

Mama yule mshonaji hakujibiwa vizuri mkutanoni. Muda ulikuwa umekwisha. Tulipokuwa tukingoja gari nilimwendea nikamwambia kwamba kazi iliyobaki ni ile iliyo ngumu zaidi: hakimu wa wilayani hataona mti wa mpakani ila ameupanda gari kuufuata, bali yeye hupita hapo kila siku akienda kisimani, na amjua nani aliusogeza. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Baba, kujua najua. Tatizo aliyeusogeza ni kaka yangu."

Shauri hilo, aliniambia, litasikilizwa Jumanne, naye amekwisha kumwandikia katibu wa baraza kwamba siku hiyo hataketi kitini, ila ataitwa kama shahidi. Kaka yake hajaongea naye tangu hapo. Naomba familia zinazosali rozari jioni zimkumbuke, na kaka yake pia.