Je, Uovu Huondolewa kwa Dhulma?

Ndugu Waislamu, katika baraza zetu husikika neno hili: "Wauzao unga watolewe jeshi, wapigwe risasi, nasi tupumzike." Asemaye hivyo huenda ana mwana aliyeharibiwa na unga, na uchungu wake twaujua. Lakini uchungu si hoja. Yatupasa kwanza tuwatazame wenzetu waliokwisha kulijaribu jambo hilo.

Mnamo Disemba 2006, Rais Felipe Calderón wa Meksiko alipeleka maelfu ya askari katika jimbo la Michoacán kuyapiga magenge ya dawa za kulevya. Vita vikaenea majimbo mengine. Wakuu wa magenge wengi walikamatwa au waliuawa. Je, magenge yalikwisha? La. Kila mkuu alipoondolewa, waliobaki waligawanyika wakapigania njia na miji, na mauaji yakazidi. Wanyonge wakawa kati: huku jambazi, huku askari. Kufikia mwaka 2022, daftari la serikali yao lilikuwa na majina zaidi ya 100,000 ya watu waliopotea, na wengi wao walipotea baada ya vita hivyo kuanza. Hata leo wako kina mama wanaokwenda na majembe kuwatafuta wana wao ardhini.

Wala haikuwa kazi ya majambazi peke yao. Tarehe 30 Juni 2014, huko Tlatlaya, watu 22 waliuawa na askari, na khabari ya kwanza ikasema kuwa wamekufa vitani. Baadaye tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilibainisha kuwa si chini ya 12 kati yao waliuawa baada ya kujisalimisha. Wala si ajabu. Askari wa vita hufunzwa kumshinda adui. Hakufunzwa kusikiliza mashahidi wala kumpambanua mkosa na jirani yake. Akiingizwa mtaani, mtaa mzima huwa adui.

Atauliza msemaji: "Basi tuwaache waharibu?" Hasha! Kukataza maovu ni wajibu. Lakini wanavyuoni wametufunza kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake, sembuse kwa yaliyo makubwa zaidi. Tena dini yetu haimtwishi mtu dhambi ya mwenziwe. Basi mwana wa jirani akiuawa bila ya kosa, damu yake i juu ya nani? Ni juu ya aliyefyatua peke yake, au na juu yetu sisi tuliompigia makofi?

Jambo hili haliko mbali nasi. Aprili 2014, manowari ya Australia ilikamata jahazini, katika bahari ya upande wa Mombasa, heroini zaidi ya kilo 1,000. Shehena kama hiyo haiagizwi na kijana alalaye kichochoroni. Ina tajiri wake. Na tajiri wa namna hiyo akija na sadaka, je, sisi humwuliza ameipata wapi, au humwombea dua?

Basi tuanze hapo. Tuikatae mali ya haramu, tusiogope kutoa ushahidi mbele ya kadhi au hakimu, na aliyenaswa na unga tumpeleke akatibiwe, tusimfukuze. Mkosa ahukumiwe kwa kosa lake. Tukitaka risasi zisizouliza, tusistaajabu zikibisha hodi mlangoni petu.

Wabillahi taufiki.